Watu wa Risasi wa Mama

Harufu ya rangi ikiungua juu ya risasi sijakutana nayo tena popote, na tangu nihamie Mbeya nimepita kwenye gereji na vibanda vya kuchomelea visivyo na idadi. Mwanzoni ni tamu kidogo, inafanana na chumba cha bibi harusi anapopakwa rangi ya kucha. Kisha inageuka kuwa kali, inashuka kooni na kukaa hapo. Risasi ninayoisema si ya bunduki. Ni yale madini laini ya kijivu, mazito kuliko yanavyoonekana, ambayo wavuvi wa kwetu Matema waliyayeyusha na kuyafunga kwenye kamba ya chini ya wavu ili usimame majini badala ya kuelea. Nilikuwa darasa la tatu harufu hiyo iliponifikia uani kwetu, mchana wa jua jeupe, masika yakiwa yamekwisha na huko Ngonga watu wakivuna mpunga. Wengi wakisimulia mambo kama haya husema moyo uliwauma. Wangu haukuuma. Nilikuwa nimekufa ganzi, na sina hakika kama ganzi ile imeisha yote mpaka leo.

Mama yangu alikuwa Mkisi, mfinyanzi, kama mama yake na dada zake wote. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Ngonga aliyeacha mpunga wa kwao akafuata mke na samaki, na kaka zake hawakuchoka kumtania kwamba ameolewa. Nyumba yetu iliangalia ziwa, na mgongoni ilikuwa na Milima ya Livingstone, ambayo pale Matema haianzi polepole bali inasimama tu ghafla nyuma ya migomba. Upande mmoja wa uani ulikuwa wa baba, wenye nyavu, maboya na kamba. Upande wa pili ulikuwa wa mama, wenye udongo uliofunikwa kwa majani ya mgomba usikauke, vigae vya kulainishia, na jiwe la kusagia ule udongo mwekundu wa kupaka vyungu. Hata kalibu ya baba ya kumiminia risasi ilikuwa kazi ya mama: kibao cha udongo chenye mifereji myembamba, alichokichoma pamoja na vyungu vyake mpaka kikawa kigumu. Kila Jumamosi vyungu vilikwenda gulioni. Lakini masika ya Kyela si mvua ya kuchezea. Inanyesha mpaka watu wanasahau ilianza lini, vyungu havikauki, moto wa kuchomea haushiki, na mfinyanzi anabaki kukaa na mikono yake.

Masika ya mwaka ninaousema, mama alikuwa ameanza kuumwa. Hakuna aliyetuambia ni ugonjwa gani na sisi hatukuuliza; wakati ule mtoto hakuuliza. Alikonda, akawa anachoka kabla jua halijapanda, na mdomoni alikuwa na vidonda alivyovipaka dawa ya zahanati, ile inayotia rangi kila inachogusa. Hata hivyo Jumamosi alishuka gulioni na vyungu vyake vichache, akiwa amemshika mkono mdogo wangu Ipyana, ambaye hakuwa ameanza shule, nami nikifuata nyuma na kapu. Pale gulioni kulikuwa na Mzee Shabani, mfanyabiashara wa Kyela mjini, mtu wa asili ya pwani, mwenye kofia nyeupe na maneno mengi, aliyekuja na marobota ya mitumba. Siku hiyo alifungua robota la vitu vya watoto. Walitoka wanasesere wasio na mikono na magari yasiyo na magurudumu, na chini kabisa likatoka sanduku la karatasi ngumu. Ipyana alilikumbatia kabla hata halijafunguliwa.

Ndani walikuwamo watu wadogo wa risasi, kila mmoja mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Wengine walikuwa na mapembe. Wengine walikuwa mifupa mitupu iliyoshika mapanga. Wengine walivaa kofia za kioo na mavazi mazito ya watu wanaokwenda mwezini, na palikuwa na mwanamke mmoja mwenye joho refu, ameshika fimbo. Alikuwamo pia joka mwenye mabawa na mkia uliokatika. Rangi zao zilikuwa zimebanduka karibu zote. Mzee Shabani aliwatazama akatingisha kichwa. "Mama Ipyana," akasema, "nipe chungu kimoja cha maharage, uondoke na mashetani haya yote. Mimi nikirudi nayo nyumbani, mke wangu atanilaza nje." Mama alicheka, na kwa siku zile kucheka kwake ilikuwa habari. Akampa chungu, akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Mzee Shabani. Kwangu watapata kazi."

Tulipofika nyumbani baba aliliinua sanduku kwa mkono mmoja, akalipima hewani, akatoa mmoja wa wale watu wa mwezini na kumbonyeza kwa ukucha. Alama ya ukucha ikabaki. "Risasi nzuri hii," akasema. Wavu wake mpya ulikuwa umelala pembeni bila uzito hata kidogo, kwa sababu risasi ilikuwa adimu na watu walikuwa wakifunga mawe. Mama akamjibu bila kuinua macho kwamba hao ni wa watoto. Baba hakubisha, alirudisha mtu yule sandukuni na kwenda zake. Lakini mimi na Ipyana tuliliona jicho lake, na tangu jioni ile tulijua kwamba watu wetu wako kwetu kwa neno la mama tu.

Kifuniko cha sanduku kilikuwa na picha, na picha ile tuliitazama kuliko kitu chochote tulichowahi kuwa nacho. Mtu mwenye kofia ya kioo alikuwa amepiga goti kwenye mchanga. Mbele yake mnyama mwenye magamba alikuwa akitoka majini, maji yakimchuruzika kwenye mabawa, na nyuma yake ilikuwapo milima mirefu ya buluu iliyosimama wima kutoka ziwani. Juu ya milima ilining'inia miezi miwili. Mimi na Ipyana hatukuwa na shaka hata kidogo kwamba mchoraji alikaa Matema. Milima ilikuwa ile ile, hata kile kikwaruzo ambapo ardhi iliporomoka kilikuwapo. Kuhusu mwezi wa pili, mama alisema mchoraji alikuwa amekunywa. Ipyana alikataa, kwa siku kadhaa aliutafuta angani, mawingu yakiruhusu, na baba akawa anamwuliza kila jioni kama ameuona, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi. Mama alikibandika kifuniko ukutani kwa ugali, juu ya kitanda chake, na pale kilikaa mpaka mchwa walipokila miaka iliyofuata.

Kwa kuwa mvua ilikataa vyungu, mama aliamua kuwavalisha watu wa risasi. Alianza na alivyokuwa navyo, udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi ya sufuria, lakini udongo ulikauka juu ya risasi ukapukutika. Jumamosi iliyofuata akamwagiza baba kwa Mzee Shabani, zikaja chupa za rangi ya kucha zilizobaki nusu, nyekundu, pinki na nyeupe iliyoanza kuganda. Akawa anachanganya masizi na rangi ya kucha, udongo na rangi ya kucha, na kupaka kwa ncha ya unyoya wa kuku, ameegemea ukuta, blanketi magotini, mvua ikipiga bati mpaka hatusikilizani. Hakuwapaka kama walivyotakiwa kuwa. Hakujua walitakiwa kuwaje, na nadhani angejua asingejali. Aliwapaka watu aliowafahamu. Watu wa mwezini wakawa kwaya ya kanisani, na mikanda yao ya pinki. Mifupa yenye mapanga ikawa wanafunzi wa bweni waliorudi likizo. Mwenye mapembe akawa kaka mkubwa wa baba kule Ngonga, yule aliyesema baba ameolewa. Joka akawa mamba wa mto Lufilyo, naye akapewa tumbo jekundu kwa sababu, mama alisema, ndiyo kwanza ametoka kula.

Mzee wa kanisa alikuja kumwombea mgonjwa, akavua koti lenye maji, akakaa, na macho yake yakaenda kwenye dirisha walikosimama watu wale kwenye mstari. Niliona mkono wake unakaza Biblia. Aliuliza, kwa upole wa mtu anayejiandaa kukemea, ni vitu gani hivi karibu na kitanda cha mgonjwa. Mama alinyoosha mkono akamtoa mzee mmoja mwenye joho na ndevu, aliyekuwa na koti jeusi la masizi na kola nyeupe safi. "Huyu ni wewe, mzee," akasema. "Angalia kola." Mzee wa kanisa alimshika mtu yule, akamgeuza huku na huku, akamsogeza mwangani. Mwishowe akasema, "Mbona umenifanya mfupi hivi?" Kisha aliomba sala ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba, na wakati wote ule alikuwa bado amemshika mkononi.

Ndani ya sanduku zilikuwamo pia dadu za ajabu, zenye pande nyingi mno, nyingine za pembe tatu tatu na namba kila upande. Mchezo wake hatukuujua, na karatasi za maelezo, kama ziliwahi kuwapo, zilibaki huko zilikotoka. Mama aliona matumizi yake mara moja. Siku moja mvua ilipopumzika alifinyanga vyungu vichache, na shingoni mwa kila kimoja akaviringisha dadu kwenye udongo mbichi, ikaacha mkanda wa pembe na namba zilizopinda. Baba alivichoma kwa niaba yake, mama akiwa amekaa kwenye mkeka anamwelekeza weka nyasi hapa, ondoa pale. Ndivyo vyungu vya mwisho alivyofinyanga. Vilichukuliwa Kyela mjini, na inawezekana kabisa kwamba hivi ninavyoandika kuna mtu anapika maharage katika chungu chenye mkanda ule na hajawahi kujiuliza ni wa nini.

Yule mwanamke mwenye fimbo alibaki wa mwisho. Niliporudi shuleni siku moja nilimkuta tayari amepakwa, anakauka dirishani peke yake. Mama alikuwa amelala chali, vidole vyake vina madoa. "Huyo ni mimi," akasema. "Na hiyo si fimbo, ni mchi wangu." Nguo ya yule mwanamke ilikuwa nguo ya mama, kitenge alichokivaa kanisani sikukuu za mwisho, na ilikuwa imefanana naye kiasi kwamba Ipyana alianza kumsalimia asubuhi. Shikamoo mama, kwa aliyelala. Shikamoo mama, kwa aliyesimama dirishani. Mama aliitikia zote mbili.

Alifariki mpunga ukiwa umeiva. Mimi na Ipyana tulipelekwa kwa jirani wakati wa kumwosha na kumvika, tukarudishwa jeneza likiwa limeshafungwa. Ng'ombe alichinjwa, watu walijaa, wanawake walilia kwa zamu na kunikumbatia mmoja mmoja, nami nilisimama nikinuka jasho la kila mtu. Sikulia. Shangazi mmoja alinitikisa mabega ili nilie, akaamini nimeshtuka mno. Sikuwa nimeshtuka. Nilikuwa nahesabu mikanda ya wanakwaya waliokuwa wakiimba pale ili nione kama mama alikosea rangi. Matanga yalipoanuliwa, mama wadogo na shangazi walikaa mkekani wakagawana nguo za marehemu, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyegombana. Kwa miaka mingi baadaye nilikuwa nikimwona mama kwa nyuma, gulioni au kanisani: kitenge chake cha samaki wa njano kwa huyu, chenye majani kwa yule. Sikushtuka hata mara moja. Niliwaamkia tu.

Siku chache baada ya watu kuondoka, baba aliwasha moto uani, akaweka sufuria kuukuu juu ya mafiga, akaleta kalibu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na sanduku. Ipyana alielewa kabla yangu. Alimkimbilia akamshika suruali. "Tata, hao ni wa mama!" Baba aliendelea kutembea, akimburuta. "Mama hayupo," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, akasema, "Nyavu haina uzito. Mtakula nini? Atu, lete kuni." Atu ni mimi, Atupele. Nilileta kuni. Hayo ndiyo yaliyokuwapo, na sioni haja ya kuyapamba.

Risasi haiyeyuki kama mafuta. Watu walikaa kwenye sufuria kwa muda bila kubadilika, wamelaliana, na rangi ndiyo iliyoanza. Pinki ya kwaya ilitokota ikawa nyeusi. Kola ya mzee wa kanisa ilipasuka. Hapo ndipo ile harufu ilipotoka. Kisha miguu ikalegea, mmoja mmoja wakazama kana kwamba wanakaa, mpaka sufuriani pakabaki kitu kinachong'aa chenye utando mchafu juu. Ipyana aliwaita kwa majina jinsi walivyozama: kwaya, kwaya, baba mkubwa, mamba. Baba aliondoa utando kwa kijiko, akamimina kwenye mifereji ya kalibu, ile aliyofinyangiwa na mama, na vipande vilipopoa akavikunja kwenye kamba ya chini kwa nyundo. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayefanya kazi. Nilimchunguza sana. Nilichukua uamuzi siku ile kwamba baba yangu hakuwa na huzuni, na kwamba kwa hilo mimi na yeye tulikuwa sawa.

Wavu ule ulivua vizuri. Baba aliutumia kwa miaka, na kwa muda mrefu Ipyana alikuwa akikaa ufukweni wakati unakaushwa, akigusa vipande vya risasi na kusema huyu ni nani, huyu ni nani, ingawa vyote vilifanana. Baba alimsubiri amalize ndipo aukunje. Tulikula mbasa na usipa wake, tukavaa sare kwa samaki wake. Ipyana akawa dereva wa malori, leo yupo Tunduma, kesho Dar es Salaam. Mimi nikawa mwalimu. Hatukuwahi kuzungumza habari za watu wa risasi. Halikuwa jambo la siri, hakuna aliyelianzisha.

Nililianzisha mimi, tena peke yangu, kwenye simu. Miaka michache iliyopita, nikitafuta picha ya kuwaonyesha wanafunzi wangu jinsi milima inavyotokana na bonde la ufa, ikanijia kwenye kioo picha ya mtu mwenye kofia ya kioo amepiga goti mchangani, mnyama akitoka majini, na miezi miwili. Nilikuwa nimesimama jikoni, nikakaa. Kumbe kuna kundi zima la mtandaoni la watu waliokuwa watoto miaka ile huko Ulaya na kwingineko, sasa wana ndevu nyeupe, wanatafuta masanduku kama lile usiku na mchana. Wanaonyeshana sanamu zao, wanasifu picha za vifuniko za zamani, wanalalamika kwamba za siku hizi ni za plastiki na hazina uzito mkononi. Mmoja aliandika kwamba mama yake alizitupa zake alipokwenda kusoma, na wenzake wakampa pole kana kwamba amefiwa. Nilisoma pole zile zote. Wengi wana dawa za kuondolea rangi ya zamani ili sanamu ibaki tupu, ipakwe upya ilivyotakiwa kuwa. Wanabishana sana kuhusu ilivyotakiwa kuwa.

Likizo ya mwaka jana nilikwenda Matema kumbadilishia baba bati. Bado ana nguvu, ila masikio yamechoka na ziwani haendi tena. Mafundi walishusha vitu vya darini, na ule wavu ukaja chini, umeoza, unavunjika mikononi. Baba alitaka risasi zake zitolewe, kwa hiyo tulikaa uani, mimi na yeye, tukifungua kamba ya chini kipande kwa kipande. Katikati kabisa, pale ambapo wavu hushuka ndani zaidi, kidole changu kikagusa kitu ambacho hakikuwa kipande. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa nailoni kiunoni na miguuni, mafundo mengi, ya uangalifu. Nilikata uzi. Alikuwa yule mwanamke mwenye mchi. Hakuwa na rangi hata chembe; ziwa lilikuwa limefanya kazi ile wanayoifanya wazee wa mtandaoni kwa dawa. Uso ulikuwa umelainika, ila mchi ulikuwepo.

Nilimwuliza baba kwa nini hakumyeyusha huyu. Ilibidi nirudie kwa sauti. Alimtazama mkononi mwangu, akarudi kwenye kamba. "Katikati ya nyavu panataka kitu kizito," akasema. Nikasema sawa. Nilitaka kumwuliza nguo yake ilikuwa na rangi gani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi mwenyewe sijui. Vitenge vyote vya mama ninavyovikumbuka nilivikumbuka vikiwa mwilini mwa shangazi na mama wadogo, na hicho hakikuwa kwa yeyote kati yao. Nikampigia Ipyana. Alikuwa barabarani, nikasikia injini. "Nyekundu," akasema. Kisha, "Au buluu. Dada, mimi nilikuwa mdogo sana. Namkumbuka mzee wa kanisa tu." Akauliza kama baba anakula vizuri, tukaagana. Niliogopa wakati ule, kitu ambacho huwa hakinitokei. Niliogopa kwamba duniani hapakuwa na mtu aliyebaki anayejua mama yangu alivaa nini.

Jioni tulikula wali na samaki. Baba alikuwa akitoa miiba kwa vidole, polepole, kama anavyofanya siku hizi. Niliuliza kwa sauti kubwa hata jirani angesikia: "Baba, kile kitenge cha mama cha sikukuu, alichompaka yule mwenye mchi, kilikuwa rangi gani?" Hakufikiri hata kidogo. "Zambarau," akasema. "Vidoti vyeupe. Alitumia ile dawa yake ya mdomoni." Akatoa mwiba mwingine, akauweka ukingoni mwa sahani. "Mama zako wadogo walikitaka. Nikasema hapana. Tulimzika nacho."

Nimerudi Mbeya na yule mwenye mchi. Siku hizi kila kitu kipo. Wazee wa mtandaoni, nilipowaonyesha picha yake, walifurahi mno; walimtambua hata kwa jina alilopewa kiwandani, wakaniandikia namba za rangi zake halisi, joho la kijani na nywele nyeupe, na mmoja akajitolea kunitumia rangi hizo kwa posta. Niliwashukuru. Jumapili nilikwenda duka la dawa nikanunua kichupa cha dawa ya zambarau, nikatafuta unyoya wa kuku, nikakaa dirishani. Dawa ilitiririka juu ya risasi ikadondoka mezani. Nilichanganya na rangi ya kucha. Ikaganda vipande vipande. Mama alijua namna, na siku alipoifanya mimi nilikuwa shuleni. Nilijaribu mpaka kichupa kikaisha, na yule mwanamke akabaki wa kijivu kama alivyotoka ziwani. Nilimfuta, nikamsimamisha pale pale dirishani.

Rangi iliyoshika ni ya kidole changu tu, na haikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Jumatatu nilipoandika ubaoni, mwanafunzi mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, kidole kimefanya nini?" Nikamwambia nina kidonda, tukaendelea na somo.